Jiwe Lililo Kichwani mwa Ningu



Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni hapa mjini Kakamega, nimesimama kwenye foleni mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza samaki. Mbele yangu alikuwa bwana wa makamo, ameshika ngege mkononi, anamgeuza huku na huku. Akauliza swali ambalo nina hakika nawe umewahi kulisikia: "Mama, huyu ni wa ziwa ama ni wa China?" Mama akamjibu kwa upole, "Ni wa ziwa, baba. Ametoka Usenge usiku wa kuamkia leo." Yule bwana akafunua matamvua, akabonyeza tumbo, akanusa, kisha akamrudisha samaki mezani na kwenda zake. Mama hakusema kitu. Alimpanga ngege wake upya juu ya gunia lenye maji, akamfuta kwa kiganja, na uso wake ulionyesha wazi kwamba ameumia.

Nilimnunua samaki yule yule. Nyumbani, baada ya kula, nilichukua kichwa nikakipasua taratibu kwa kisu, nyuma ya macho, pale ubongo unapokaa. Chini ya ubongo, kulia na kushoto, nikapata vijiwe viwili vyeupe, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa punje ya mchele, kimebonyea upande mmoja na kingo zake zina meno madogo madogo. Hapo ndipo lilipo jibu la yule bwana.

Samaki hana sikio la nje kama letu. Lake limefichwa ndani ya fuvu, na katika kila upande mna mawe matatu ambayo humsaidia kusikia na kujua kama yuko wima au ameinama. Wataalamu huyaita otolithi. Sisi na tuyaite mawe ya sikio. Kuna wanaosema ni mifupa, lakini si mifupa hasa. Ni chokaa, ya jamii ileile inayojenga lulu ndani ya chaza, iliyoshikanishwa na kiasi kidogo sana cha protini. Tofauti hii ina uzito. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na samaki akibanwa na njaa mwili wake hukopa madini hata kwenye magamba. Jiwe la sikio halikopwi. Tabaka likishawekwa, limewekwa.

Nayo matabaka huwekwa kila siku. Mwaka 1971 mtaalamu aitwaye Giorgio Pannella alionyesha katika jarida la Science kwamba jiwe la sikio lina mistari ya siku kwa siku, mmoja juu ya mwingine kama maganda ya kitunguu. Kule Ulaya watu walikuwa wameanza kuhesabu miaka ya samaki kwa mawe hayo tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwa baridi kali huacha alama inayoonekana. Huku kwetu hatuna baridi ya namna hiyo, na kusoma umri wa samaki wa Ziwa Victoria kwa njia ya miaka ni kazi ngumu. Mstari wa siku ndio unaotusaidia zaidi, hasa kwa samaki wachanga.

Lakini umri ni sehemu ndogo tu ya habari. Kubwa ni kile kinachonaswa ndani ya mistari.

Chokaa ya jiwe hilo imejengwa kwa kalisiamu. Majini mna madini mengine yanayofanana na kalisiamu kwa tabia, kama strontiamu na bariamu, na jiwe linapokua, chembe chache za madini hayo huingia na kukaa mahali ambapo kalisiamu ingekaa. Sehemu kubwa ya chembe hizo hutoka kwenye maji anamoogelea samaki, na kidogo tu kwenye chakula chake. Kwa hiyo tabaka la Jumanne lina maji ya Jumanne. Kama Jumatano samaki alihama kutoka mtoni kuingia ziwani, tabaka la Jumatano na yale yanayofuata yataanza kubadilika. Mtaalamu hukata jiwe katikati, hulisugua mpaka kiini chake kionekane, kisha huliweka chini ya mwali wa leza ulio mwembamba kuliko unywele. Leza hutembea kutoka kiini hadi ukingo, ikichoma vumbi kidogo kidogo, na vumbi hilo hupelekwa kwenye spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake. Kiini ni utoto wa samaki. Ukingo ni siku aliyonaswa.

Sasa, maji hutoa wapi strontiamu yake? Kwenye mawe. Na hapa, msikilizaji wa Kakamega, habari hii inakuwa yetu kabisa.

Ukitoka mjini kwenda Kisumu, utalipita lile jiwe linalolia la Ilesi, mwamba mrefu wa itale ambao maji hutiririka usoni pake kama machozi. Mawe yanayobeba ardhi ya Kakamega na Maragoli ni miongoni mwa makongwe zaidi katika Kenya, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni mawe hayohayo yaliyoleta wachimba dhahabu hapa baada ya mwaka 1931 na kuufanya mgodi wa Rosterman ujulikane mbali. Sasa nenda kaskazini, uutazame Mlima Elgon. Ule ni volkeno. Umri wake unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka, haufiki mabilioni. Mto Nzoia unakusanya maji ya Elgon na ya milima ya Cherangani, ambako mawe ni ya aina nyingine tena. Isiukhu inatoka pande za Nandi, inapita kwenye msitu wetu na ubavuni mwa mji, kisha inaingia Nzoia. Yala nayo inapita kusini ya msitu na kwenda ziwani kwa njia yake. Mito hii tunaivuka kila siku tukiiona yote ni maji ya udongo mwekundu tu, lakini kwa kemia si sawa.

Sababu ni hii. Kuna strontiamu za uzito tofauti. Ile ya 87 huongezeka polepole mno ndani ya mwamba, kwa sababu huzaliwa na rubidiamu inayooza, na rubidiamu hiyo huchukua takriban miaka bilioni 49 kupungua kwa nusu. Ile ya 86 haiongezeki. Kwa hiyo mwamba wa itale, wenye rubidiamu nyingi na umri mrefu, huwa na 87 nyingi ukilinganishwa na mwamba wa volkeno changa. Maji ya bahari yote duniani yana uwiano wa 87 kwa 86 wa karibu 0.709. Mito ya volkeno changa kwa kawaida huwa chini ya hapo, na mito ya itale kongwe huwa juu. Zaidi ya hayo, mwili wa samaki hauuvurugi uwiano huu. Kama mto ulivyo, ndivyo jiwe la sikio litakavyoandika. Kwa mtu anayetaka kujua samaki alizaliwa mto gani, nchi yenye mawe ya aina nyingi katika eneo dogo ni bahati, na sisi bahati hiyo tunaikanyaga.

Nimetaja mto gani samaki alizaliwa. Ubishi wa sokoni ni muhimu, nitaurudia, lakini kuna samaki mmoja anayeniuma zaidi. Ni ningu.

Walio chini ya miaka 30 huenda wamesikia jina tu. Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria na mito yake, mwenye mdomo wa kunyonya ulioelekea chini, na minofu mitamu yenye miiba mingi. Mvua zinapojaza mito, ningu wakubwa huacha ziwa na kupanda Nzoia, Yala, Sondu-Miriu na mingine, wakataga mayai kwenye nyasi zilizofurikwa kandokando ya mto. Vifaranga hukua hapo, kisha huteremka ziwani. Wazee waliokulia karibu na Nzoia watakueleza jinsi msimu wa ningu ulivyojulikana kama msimu wa mavuno, migono ikitegwa, na samaki wakikaushwa kwa moshi mpaka jirani asiye na mgono naye akapata mboga. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwa matamvua, ziliingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye zikatandazwa kwenye midomo ya mito. Samaki waliokuwa wakipanda walikuwa na mayai tumboni. Mwaka 1959 Peter Whitehead aliandika juu ya samaki hawa wanaopanda mito kutoka Ziwa Victoria, na mwaka 1965 D. A. Cadwalladr akaandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu. Baadaye mashamba yakafika ukingoni, vinamasi vikakaushwa, mchanga ukachotwa, na mito ikabeba udongo. Ningu hajaisha, lakini ukimpata sokoni leo ni habari ya kusimulia.

Tuseme leo mvuvi wa Port Victoria, pale Nzoia inapoingia ziwani, amenasa ningu kumi. Wamezaliwa Nzoia? Ama ni wa Yala, wamezunguka tu? Kwa macho huwezi kujua, na aliyewavua hawezi kujua. Lakini tukijua kwamba saba kati ya kumi walilelewa kwenye kijito fulani, kijito hicho kinakuwa na thamani ambayo hakuna anayeweza kuibishia. Ukingo wake unalindwa kwa sababu yenye uzito, na msimu wa kufunga nyavu unapangwa kwa mto unaozaa, badala ya kuwafungia wavuvi wote kwa kubahatisha. Hiyo ndiyo faida ninayoitaka kwa hamu kubwa kuliko zote.

Jambo hili limefanyika kwingine. Kwenye Mto Amazon yupo kambare mkubwa aitwaye dourada. Fabrice Duponchelle na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti wa mawe yake ya sikio, wakionyesha kwamba samaki huyo huzaliwa mitoni chini ya milima ya Andes, huteremka maelfu ya kilomita mpaka karibu na bahari, na wengi hurudi kuzaa kwenye mto ule ule uliowazaa. Matokeo hayo yalipatikana wakati mabwawa makubwa ya umeme yalikuwa tayari yamesimama kwenye Mto Madeira, katikati ya njia yake. Alaska nako, mwaka 2015, Sean Brennan na wenzake walitumia strontiamu kutambua samoni walionaswa pamoja mahali pamoja walikuwa wamelelewa kwenye vijito vipi vya Mto Nushagak.

Samoni wametufundisha pia kuwa waangalifu. Kiini kabisa cha jiwe hakielezi maji ya mtoto. Kinaeleza maji ya mama, kwa sababu jiwe huanza kujengwa ndani ya yai, kwa kiini cha yai ambacho mama alikitengeneza alipokuwa mbali. Kwa ningu aliyepanda kutoka ziwani, tutarajie basi katikati ya jiwe kuwe na alama ya ziwa, kisha mto, kisha ziwa tena. Na kwa jamii ya ningu na kambare, jiwe linalofaa kusomwa si lile kubwa tulilolitoa kwa ngege. Kwao jiwe hilo, liitwalo sagita, ni jembamba kama sindano, na watafiti hutumia mawe mengine mawili. Mwenye kukata kichwa cha ningu akitafuta punje ya mchele kama ya ngege atadhani hamna kitu.

Turudi sokoni sasa. Wakati Rais Uhuru Kenyatta alipozungumza hadharani Oktoba 2018 juu ya samaki wanaoagizwa kutoka China, kila meza ya samaki magharibi ya Kenya ilikuwa tayari na ubishi huu. Ngege wa kufugwa wa China hutoka hasa majimbo ya kusini kama Guangdong, Guangxi na Hainan. Huletwa wakiwa wamegandishwa, wametolewa matumbo, lakini wengi wana vichwa vyao. Maana yake, ushahidi huja nao. Jiwe la samaki aliyefugwa kusini ya China limejengwa kwa maji ya huko, na lile la samaki wa Usenge limejengwa kwa maji ya Ziwa Victoria, ziwa kubwa linalopokea sehemu kubwa ya maji yake moja kwa moja kutoka mvua na kuyapoteza kwa jua. Hata oksijeni ya maji yaliyokaukiwa na jua hubadilika uzito, na jiwe huihifadhi hiyo nayo. Yule mama hapaswi kuapa. Anapaswa kuwa na taasisi inayoweza kuchukua vichwa ishirini kutoka sokoni, bila kumtuhumu mtu, na kutoa jibu.

Samaki wa kwetu wa vidimbwi nao wana hadithi yao. Mwaka 2009 serikali ilianza kugharimia uchimbaji wa vidimbwi katika maeneo bunge mengi, mpango wa kuchochea uchumi, na Kakamega ni miongoni mwa kaunti zilizolishika jambo hilo kwa mikono miwili. Mfugaji wa Malava au Lurambi hununua vifaranga kutoka kwa mtotoleshaji wa mahali pengine, akavimwaga kidimbwini kwake. Samaki yule akivuliwa baada ya miezi minane, jiwe lake lina sura mbili: kati ni maji ya mtotoleshaji, nje ni maji ya kidimbwi. Mfugaji aliyeuziwa vifaranga vya chanzo kisichojulikana angeweza kujua alichouziwa. Na mafuriko yanapobomoa kingo za kidimbwi na samaki wakatorokea Isiukhu, mtu anayemnasa ngege mtoni angeweza kujua kama ni mzaliwa wa mto ama ni mtoro.

Sitaki mtu adhani ni kazi nyepesi. Kidimbwi kinachojazwa kwa maji ya mto kitafanana na mto huo. Mfugaji anayetia chokaa kidimbwini, kama tunavyoshauriwa, anatia pia strontiamu ya mahali chokaa ilikochimbwa. Chokaa ya Koru si mawe ya Kakamega. Wakati mwingine hilo litamchanganya mtafiti, na wakati mwingine litampa alama ya kidimbwi ambayo mto hauna. Pia mbolea na udongo unaomomonyoka hubadilisha maji mwaka hata mwaka. Na juu ya yote hayo, jiwe moja peke yake halina la kusema. Husema tu likilinganishwa na mawe ya samaki ambao asili yao inajulikana bila shaka, pamoja na maji ya mto yaliyopimwa. Bila hazina hiyo ya kulinganishia, hata leza ya bei kubwa kuliko zote ni mapambo.

Nikupe mfano wa kukosa hazina. Samaki aitwaye mbuta si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi watu walibishana ni nani alimwingiza, lini, na kutoka wapi. Mwaka 2005 Robert Pringle alichapisha utafiti uliotegemea nyaraka na kumbukumbu za waliokuwepo, akaonyesha kwamba mbuta waliingizwa kisirisiri upande wa Uganda mwaka 1954, kabla ya wale walioongezwa kwa idhini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilibidi kuwatafuta wazee. Sasa linganisha na Marekani, kwenye Ziwa Yellowstone, ambako mwaka 1994 kuligunduliwa trauti wa ziwa, samaki mla wenzake ambaye hakuwa wa pale. Watafiti walichukua mawe ya sikio ya samaki hao, na mwaka 2005 wakaonyesha kwamba baadhi yao walizaliwa Ziwa Lewis, ziwa la jirani, kisha wakahamishwa. Jiwe lilitaja ziwa, na likataja mpaka kipindi walichohamishwa. Mawe ya mbuta wa kwanza wa kwetu yalitupwa jalalani pamoja na vichwa.

Na bado tunayatupa. Viwanda huchukua minofu ya mbuta na kuiuza ng'ambo, na vichwa na mifupa hubaki kwetu. Ndio mgongo wazi unaokaangwa Obunga kule Kisumu na kuletwa mpaka meza za Khayega na Lubao. Kila kichwa kina mawe yake. Mtoto anayenyonya kichwa cha mbuta jioni hii huenda akayatema mezani bila mtu kujua ni nini.

Kwa hiyo nina ombi, na ninalitoa kwa moyo wote. Nawaomba walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho hapa hapa mjini, washirikiane na watafiti wa uvuvi walioko Kisumu kuweka hazina ya mawe ya sikio ya mito yetu: Nzoia, Isiukhu, Lusumu na Yala, pamoja na vidimbwi vyetu. Leza inaweza kusubiri, na mawe yanaweza hata kupelekwa nchi nyingine kupimwa, maana hayaozi na bahasha mia moja hazijazi mkoba. Lakini ningu hawezi kusubiri. Akitoweka kwenye mto fulani, alama ya mto huo katika ningu haitapatikana tena.

Nawe unayevua kwa ndoana ukingoni mwa Isiukhu, ama una mgono Nzoia, unaweza kuanza kabla yao. Ukipata samaki, kata kichwa chake ukihifadhi, ama toa mawe ukiweza, uyaoshe kwa maji safi, uyakaushe kivulini na kuyatia kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, usiutumie. Juu ya bahasha andika kwa penseli, kwa sababu wino hufutika ukilowa: aina ya samaki, urefu wake, tarehe, jina la mto, na mahali hasa ulipomnasa. Jiwe lisilo na jina la mto halina kazi. Mvua ndefu zinakaribia, na ningu wachache waliobaki watapanda. Zikusanye bahasha zako, umpelekee afisa wa uvuvi wa wadi yako, na umwombe aziandikishe mbele yako.